Moshi wa Jumapili: Mwalimu na Grili ya Umeme

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Laiti wangalifufuka leo na kupitishwa katika duka lolote kubwa la jijini Nairobi, huenda wangaliirekebisha kauli yao, kwa maana vyombo vya umeme hujitembeza vyote, vyema kwa vibaya, na mnunuzi huachiwa kazi ya kuvipambanua akiwa amekwisha kuvilipia. Mna birika, mna blenda, mna sufuria inayojizima yenyewe wali ukiiva. Miongoni mwavyo mna chombo kimoja kidogo kinachokaa juu ya meza ya jikoni kama mkoba uliofungwa: mabamba mawili ya chuma yaliyopakwa kitu kisichonata, moja chini na jingine juu, yameunganishwa kwa bawaba na kutiwa mifereji. Plagi huchomekwa ukutani, taa nyekundu huwaka, nyama hulazwa katikati, mfuniko hufungwa. Wauzaji hukiita grili ya umeme. Swali la iwapo chombo hicho chafaa kununuliwa na mtu wa kipato cha kawaida laweza kuonekana la upuuzi mbele ya masuala mazito ya lugha na taifa yanayojadiliwa katika kurasa kama hizi. Hata hivyo, lilimfika mwalimu mmoja wa shule ya upili, mkazi wa mtaa wa Umoja, na halikumfika kwa njia ya matangazo. Lilimfika kupitia kifua cha binti yake.

Mwalimu huyo alizaliwa na kulelewa upande wa Mwingi, ambako mbuzi ni kitoweo, ni akiba na ni mahari. Alijifunza kuchoma nyama kwa babake, karani mstaafu asiyependa maneno mengi. Alichofundisha mzee alikifundisha kwa mikono. Makaa yaachwe hadi yavae jivu jeupe. Wavu uinuliwe kiasi cha shubiri moja. Maji ya chumvi yanyunyizwe kila nyama inapogeuzwa, si mara moja tu. Mguu wa mbuzi usiharakishwe, maana saa moja na nusu si nyingi, na aliyefanya pupa hutafuna mpira. Elimu hiyo mwalimu aliibeba hadi Nairobi, na alipooa na kupanga nyumba ya vyumba viwili katika ghorofa ya nne, kitu cha kwanza alichokitafutia mahali ni jiko. Lilikuwa jiko la kawaida la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, lile lililobuniwa nchini mapema katika miaka ya 1980 ili kupunguza matumizi ya makaa. Lilikaa kwenye roshani iliyo nyembamba kama ujia, kati ya ndoo ya kufulia na kamba ya nguo. Kila Jumapili baada ya ibada alinunua kilo moja ya nyama na mkebe wa makaa, akavua koti, akakunja mikono ya shati na kuanza kupepea. Kwa majirani moshi ule ulikuwa kero au hamu, kutegemea hali ya mfuko wa jirani. Kwake yeye ulikuwa ndiyo Jumapili yenyewe.

Binti yao alipotimiza miaka sita, kifua kilianza kumbana. Mwanzoni kilidhaniwa kuwa mafua ya Julai, mwezi ambao Nairobi huwa na baridi na mlango wa roshani huachwa wazi kiasi cha upenyo tu, hata moshi ukapata njia ya kuingia kuliko ya kutoka. Usiku wa Jumapili moja ya mwezi huo, mwaka wa 2022, mtoto aliamka akihema kwa mlio kama wa filimbi, mabega yakipanda na kushuka, maneno yakimtoka moja moja. Jumba lile halina lifti. Mwalimu alimbeba mgongoni, akashuka ngazi za ghorofa nne gizani, mkewe mbele akimulika kwa simu. Hospitalini mtoto alivalishwa kinyago na kuvutishwa dawa, na baada ya muda mlio ule ukapungua. Daktari, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha, alisema kuwa ni pumu. Kisha akauliza, "Nyumbani mnapikia nini?"

"Gesi," mama mtoto akajibu upesi.

Daktari aliandika. Alipoinama kumsikiliza mtoto kifua tena, alisita, akamtazama mwalimu aliyekuwa amesimama karibu, bado amevaa shati lake la mchana. "Na hii harufu ya makaa?"

Mwalimu hakuwa na jibu. Walirudi nyumbani alfajiri, na kinyume na alivyotarajia, mkewe hakumlaumu. Alimlaza mtoto, akafungua mlango wa roshani, akalitazama jiko. "Mwalimu," alisema, "mimi sina neno na nyama. Nina neno na moshi." Kabla ya saa mbili asubuhi jiko lilikuwa limeshushwa na kukabidhiwa bawabu.

Ni vyema isemwe hapa, pasi kuuma maneno, kwamba familia hiyo ilibahatika. Makaa yanayoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na kila msimu wa baridi hupatikana watu waliolala chumbani na jiko lenye makaa mekundu wasiamke tena. Roshani ni afadhali kuliko chumba, lakini roshani iliyopakana na kitanda cha mtoto mwenye pumu si afadhali sana.

Jumapili kadhaa zilipita kwa nyama ya kuchemsha. Chakula kilikuwa kitamu, kwa maana mke wa mwalimu ni mpishi hodari, ila mwalimu alikula kama mtu aliyefiwa. Ndipo alipoanza kusimama mbele ya rafu za grili kila alipopitia dukani. Mkewe aliitambua safari hiyo kabla haijafika mwisho. Hoja yake ilikuwa nyepesi: gesi ipo, na kikaango kizito cha chuma hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya grili, hakina waya, hakina taa, na kitarithiwa na wajukuu. Kikipata moto sawasawa, kitaibabua nyama vizuri kabisa. Ukweli ni kwamba hoja hiyo haijawahi kujibiwa kikamilifu na muuzaji yeyote wa grili. Mwalimu naye hakuijibu. Alichotaka hakikuwa kupika nyama, bali kuchoma, na aliamini kuwa chombo chenye mifereji kingemrudishia kitenzi hicho. Septemba, alitoa shilingi 7,500 katika gawio la chama cha akiba na mikopo, gawio lililokuwa limetengewa karo ya muhula uliofuata, akarudi nyumbani na sanduku kwapani. Siku mbili mkewe alizungumza naye kuhusu mambo ya lazima tu.

Muuzaji alikuwa amemnasa kwa jina la mtu. Alimwambia kwamba grili za namna hiyo zilipata umaarufu duniani kupitia George Foreman, bondia wa Marekani, naye mwalimu alilijua jina hilo tangu utotoni, kwa sababu babake alikuwa na hadithi moja ya ndondi aliyoipenda. Tarehe 30 Oktoba 1974, jijini Kinshasa katika nchi iliyoitwa Zaire, Foreman aliangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya nane. Pigano lilianza saa kumi za usiku kwa saa za huko ili Wamarekani walitazame jioni yao. Kenya ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na mzee, wakati huo kijana, aliisikiliza habari hiyo redioni akiwa bado hajanawa uso. Foreman hakuishia pale. Miaka ishirini baadaye, Novemba 1994, akiwa na umri wa miaka 45, alilitwaa tena taji la uzani wa juu, na mwaka uo huo grili iliyobeba jina lake ikaingia sokoni Marekani. Mnamo 1999 kampuni iliyoiuza ilimlipa zaidi ya dola milioni 130 ili itumie jina lake daima. Ngumi hazikuwahi kumpa utajiri wa kadiri hiyo. Grili aliyoinunua mwalimu haikuwa hata hiyo ya Foreman. Ilikuwa moja ya zile zilizoiga umbo lake. Hata hivyo jina lilikwisha kufanya kazi yake.

Sifa kubwa iliyouza vyombo hivyo ni kuyachuja mafuta. Bamba la chini huinama kidogo kuelekea mbele, mafuta yakatiririka katika kisahani. Mnunuzi akikitazama kisahani hicho kimejaa huona kana kwamba ameokolewa na maradhi. Anachosahau ni kwamba mafuta hudondoka hata katika jiko la makaa. Tofauti ni kuwa huko huangukia motoni, na hakuna anayeyaona. Tena ni huko kuangukia motoni kunakoipa nyama choma ladha yake, kwa maana mafuta na maji ya nyama yanapogusa makaa huungua, yakarudi juu kama moshi na kuipaka nyama. Grili huyakusanya mafuta yayo hayo na kuyaweka kando, na kwa hiyo huikusanya ladha na kuiweka kando. Hakuna kiungo cha chupa kinachoweza kuziba pengo hilo.

Mwalimu alikutana na jambo hilo jioni ya kwanza. Alichukua nyama ya ng'ombe iliyokatwa minene kama inavyokatwa buchani, akaiosha, akailaza ikiwa bado inadondoka maji, akaijaza grili pomoni na kuifunga. Ilichozaa ni nyama ya kijivu, imeiva juu na mbichi katikati, ikielea katika supu yake yenyewe. Hakukuwa na kosa la chombo. Nyama haianzi kubabuka na kupata rangi ya kahawia mpaka uso wake ufike takriban nyuzi 140, na uso wenye maji hauwezi kufika huko, kwa sababu maji yatakuwa yakichemka na kupoza bamba. (Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka hata kabla ya kufika nyuzi 100, yapata 94 hivi.) Makaa yaliyokolea huzidi nyuzi 600, hivyo huyakausha maji kabla mpishi hajajua kuwa yalikuwapo. Mabamba ya grili nyingi za mezani hucheza karibu na 200 tu. Aliyezoea kusamehewa na makaa hana budi kujifunza upya.

Naye alijifunza, kwa ukaidi wa mtu aliyekwisha kutumia fedha ya karo. Aligundua kwamba taa ikizimika kwa mara ya kwanza ndipo mabamba yamepata moto, si kabla. Aligundua kuwa nyama ikaushwe kwa kitambaa safi, ikatwe unene wa kidole, isiwe na mfupa, na isirundikwe. Kwa kuwa moto hutoka juu na chini kwa wakati mmoja, hakuna haja ya kugeuza, na muda hupungua karibu nusu. Kifua cha kuku kilichopasuliwa na kutandazwa huiva kwa dakika sita au saba. Minofu ya samaki huhitaji muda mfupi zaidi. Biringanya zilizokatwa nyembamba na kupakwa mafuta kidogo hutoka na michirizi myeusi inayopendeza macho, na hata viazi vitamu vilivyochemshwa jana yake hupata ngozi kavu yenye utamu. Mahindi mabichi ni hasara tupu. Gunzi ni duara, bamba ni tambarare, na hayo mawili hayapatani. Kilichowashangaza wote ni mkate. Mama mtoto, aliyeapa kuwa hatakigusa kile kidude, asubuhi moja alitia vipande viwili vya mkate vyenye yai katikati, akafunika, na binti aliyekuwa akienda shuleni na chai tupu akala mpaka makombo. Tangu siku hiyo grili haikurudishwa tena kabatini.

Kuhusu gharama, hofu ya watu wengi ni kubwa kuliko deni lenyewe. Grili ya wati 1,500 ikiwaka mfululizo kwa dakika ishirini hutumia nusu ya uniti moja ya umeme, na kwa kweli haiwaki mfululizo, kwa kuwa hujizima na kujiwasha ili kulinda joto lake. Hata uniti ikihesabiwa kwa shilingi 30, mlo wa watu watatu haupiti shilingi 15, kiasi kisichofika bei ya mkebe wa makaa. Kinachostahili kuogopwa ni kitu kingine, yaani ule waya wa kuunganishia wenye matundu manne, ambao katika nyumba nyingi za kupanga hubeba grili, birika na pasi kwa pamoja hadi plagi ikaanza kunuka. Grili ichomekwe ukutani peke yake. Kuisafisha nako kuna adha, hasa ikiwa mabamba hayatoki. Haitumbukizwi majini, haikwanguliwi kwa kisu wala kwa sufi ya chuma, la sivyo ule mpako usionata utabanduka na mwenye chombo abaki na pasi ghali. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji ya moto ikiwa bado ina uvuguvugu. Asiyekuwa na dakika tano za kufanya hivyo kila siku na asinunue.

Tena umeme wenyewe una tabia zake. Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, usiku, ulizimika karibu nchi nzima, na sehemu nyingi ziliendelea kukaa gizani hadi Jumamosi. Kuku aliyekuwa ametiwa ndimu na kitunguu saumu kwa ajili ya grili aliishia juu ya gesi, ndani ya kikaango cha chuma kilichokuwa kimenunuliwa kimyakimya na mama mtoto wiki chache nyuma. Alibabuka vizuri kabisa. Mama mtoto hakusema neno, na mwalimu alishukuru kwa hilo.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa umekwisha kufika kabla ya hapo, Aprili ya mwaka huo, babake alipokuja kutoka Mwingi. Mzee alishuka basi jioni, mkononi ana mfuko, na ndani ya mfuko mna mbavu za mbuzi aliyemchinja mwenyewe. Mwalimu alikuwa hajamweleza habari za jiko. Ni vigumu kwa mtu aliyepitia chuo kikuu kumwambia mzee wake kwamba nyumbani mwake hamna moto. Akazipokea mbavu, akazipasua alivyoweza na kuzipanga juu ya bamba, akiomba. Mfuniko ulipofungwa uliketi juu ya mifupa kama meza juu ya miguu yake. Nyama iliyo katikati haikuguswa na kitu. Alipougandamiza kwa nguvu, bawaba zililia. Baada ya nusu saa ncha za mifupa zilikuwa nyeusi na nyama ilikuwa imejikunja, imekauka nje na ingali na damu ndani. Mbuzi aliyetembea malishoni hahitaji moto mkali wa haraka, bali joto la taratibu kwa muda mrefu, mpaka ile mishipa migumu iyeyuke na kuwa laini. Saa moja na nusu ya babake haikuwa desturi tu. Ilikuwa na sababu, na sababu hiyo haiwezi kufupishwa kwa kuminya.

Mzee alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu. "Mwanangu," alisema hatimaye, "nyama hii haikuchomwa. Imepigwa pasi."

Mtoto alicheka. Mwalimu alijaribu kucheka, ikashindikana. Mzee akauliza jiko liko wapi, na kwa kuwa mwalimu alikuwa akitafuta pa kuanzia, mkewe ndiye aliyejibu, kwa adabu, macho yakiwa chini. "Baba, tulilitoa kwa ajili ya mtoto. Moshi unambana kifua." Akaeleza usiku ule wa Julai, ngazi, kinyago, swali la daktari. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Kisha akausogeza ubao wa nyama pembeni na kusema jambo ambalo mwalimu hakuwahi kulisikia katika miaka yake yote.

"Mama yangu alipikia mafiga ndani ya nyumba, mlango mmoja, dirisha hakuna. Alikohoa miaka kumi. Sisi tulisema ni uzee." Akatulia. "Hakuwa mzee. Mimi sasa nimempita."

Mbavu zilichemshwa kwa vitunguu na nyanya, zikaliwa kwa ugali, na hakuna aliyezitaja tena pasi. Usiku mwalimu alimsikia babake akiamka, akisimama kwa muda mlangoni pa chumba cha mtoto, kisha akirudi kulala.

Waliobaki katika mjadala huu huwa na mazoea ya kuligeuza suala kuwa la uzalendo, kana kwamba anayenunua grili ameikana nyama choma, na anayebaki na makaa ameuhifadhi utamaduni. Mzee wa Mwingi asingekubaliana nao, na ana haki ya kusikilizwa, kwani ameishi ambako makaa hutoka. Kwa mbinu za kienyeji za kufukia magogo, kilo moja ya makaa humaliza zaidi ya kilo tano za mti, na migunga aliyoichungia mbuzi ujanani imebaki kwa kuhesabika. Serikali ya kaunti ya Kitui ilipiga marufuku usafirishaji wa makaa Januari 2018. Mwezi uliofuata serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, amri iliyoondolewa Julai 2023. Amri zilikuja, magunia yakaendelea kusafiri usiku. Kwa upande mwingine, umeme wa Kenya hutokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa ardhini kule Olkaria, na maji, na upepo. Ni hoja nzuri, ingawa ni haki kukiri kwamba haikuwa akilini mwa mwalimu alipokuwa amesimama mbele ya rafu.

Kwa hiyo anayeuliza iwapo anunue, na aanze kwa kujiuliza anapika nini na kwa ajili ya nani. Anayewapikia watu wanane hatafaidi chochote, maana bamba hubeba vipande vinne na wa kwanza atakuwa amemaliza kula kabla wa mwisho hajapakuliwa. Mwenye ua, hewa na muda abaki na jiko lake, aliweke mbali na mlango, na asimwonee haya mtu. Mwenye gesi na kikaango kizuri hana pengo ambalo grili italiziba, isipokuwa kama ana mtoto anayechelewa shule. Anayeitaka kwa sababu anatamani nyama choma asinunue kabisa. Atakuwa amenunua hasira. Lakini aliye katika ghorofa ya nne, mwenye watu watatu au wanne, asiyeweza kuwasha moto bila moshi kumfikia mtu aliyelala, huyo akishajua kuwa anachokinunua si moto bali bamba lenye joto, chombo kitamtumikia. Ya mwalimu imemtumikia, sasa yapata miaka mitatu. Desemba, wanapokwenda Mwingi, mguu wa mbuzi huchomwa uani kwa makaa kama kawaida, na mzee huangalia kwanza upepo unaelekea wapi kabla ya kumwonyesha mjukuu wake pa kuketi.

Aprili 2025 mzee alikuja tena Nairobi. Mwezi uliotangulia George Foreman alikuwa amefariki akiwa na umri wa miaka 76, na habari hiyo, kama ile ya mwaka wa 1974, ilimfikia mzee kupitia redio. Hata hajaketi, alimwambia mwanawe, "Yule mtu wa jiko lako amekufa." Akasikitika kidogo, akasema kuwa alikuwa mpiganaji, ila siku ile alichoka mapema. Kisha akatoa mfuko, akaukabidhi kwa mke wa mwalimu kwa mikono miwili. "Nimemwambia muuza nyama atoe mifupa yote, na akate nyembamba. Amenishangaa sana."

Binti, ambaye sasa ana miaka tisa, ndiye aliyemwonyesha babu yake pa kuchomeka plagi. Walisimama bega kwa bega mbele ya meza wakiingojea taa. Ilipozimika, mzee alikataa nyama isilazwe kwanza, akaomba bakuli la maji ya chumvi. Mwalimu alitaka kumweleza habari za maji na nyuzi za joto, mkewe akamgusa mkono. Mzee alichovya vidole, akanyunyiza, bamba likachachatika na mvuke mweupe ukapanda hadi darini. Hakuutazama. Alikuwa amemgeukia mjukuu wake, amemwinamia kidogo, akikisikiliza kifua chake.